Joto la Ziada

Watu wa nyumbani wakiniuliza baridi ya Minnesota ikoje, siwaambii habari za theluji. Theluji wameiona kwenye televisheni. Nawaambia habari za hita ya gari. Nyumbani kuna joto, kazini kuna joto, supamaketi kuna joto hata la kukera. Ni ile safari ya katikati ndiyo inayomkumbusha mtu kwao. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis kipimo kilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ikasimamisha kupeleka barua. Siku kama hiyo, hita kuwa nzima au mbovu si habari ya starehe tena.

Kenya hita hatuijui, ingawa tunayo. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na kwenye dashibodi kuna kile kitufe cha kuzungusha, samawati upande huu, nyekundu upande ule. Upande wa nyekundu unaweza kukaa miaka kumi bila kuguswa, labda na mtu wa Kinangop mwezi wa Julai, alfajiri. Wanaouheshimu ni madereva wakongwe. Injini ikianza kuchemka mlimani, tuseme gari limejaa na linapanda kutoka Mai Mahiu, dereva anazima AC, anafungua madirisha, anawasha hita mpaka mwisho. Abiria wanadhani amerukwa na akili: jua lote hili na bado unatuchoma? Lakini yeye anajua anachofanya. Anaitoa injini joto na kuwamwagia abiria, ili gari lifike juu.

Basi joto ni lile lile. Kule Mai Mahiu ni mzigo ambao abiria wanatwishwa. Huku Minnesota ni zawadi wanayopewa. Injini yenyewe haijui tofauti, na mimi nimekuwa nikijiuliza kwa muda sasa kama sisi tunaijua.

Injini ya petroli, ukiitazama vizuri, ni mfujaji. Katika kila lita ya mafuta unayolipia, sehemu inayogeuka kuwa mwendo ni kama robo hivi, au theluthi ukibahatika. Iliyobaki inakuwa joto. Sehemu moja ya joto hilo inatoka na moshi kwenye ekzosi. Nyingine inachukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini, maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia yasigande. Yakishapata moto yanapelekwa kwenye rejeta iliyo mbele, upepo wa barabarani unayapoza, yanarudi kuchukua mengine. Hita ni rejeta nyingine tu, ndogo, imefichwa nyuma ya dashibodi, na feni ya kuipuliza. Joto ambalo lingepotelea hewani unapuliziwa wewe miguuni. Kwa hivyo ukiwa ndani ya gari la petroli, hita haikupunguzii safari. Umeshayalipia mafuta, yameshafujwa, wewe unaokota mabaki.

Watu walichukua muda kuona kwamba mabaki hayo yanafaa. Mwaka 1893 mwanamke wa Chicago, Margaret Wilcox, alipewa hataza ya mtambo wa kupasha joto mabehewa ya reli. Magari ya kwanza hayakuwa na kitu. Watu walijifunika mablanketi na ngozi kama wanaokwenda kulala. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wenye Ford Model A waliweza kufungiwa kifaa cha kuvuta hewa iliyopita juu ya bomba la moto la ekzosi. Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu wengi waliiendesha, nayo ilifanya kitu cha jamaa hiyo, maana injini yake haikuwa na maji kabisa. Hewa ilipashwa moto kwenye vyombo vilivyozunguka ekzosi. Vyombo hivyo vikila kutu na kutoboka, joto linaingia ndani likiwa na moshi wake. Nitarudi kwenye moshi huo.

Swali langu ni hili. Kitu ambacho mtoaji angekitupa hata kama wewe hukuwepo, je, ukikipewa unadaiwa shukrani?

Wenzetu wa kale waliligusa. Seneca, Mroma aliyeandika kitabu kizima juu ya kutoa na kupokea fadhila, alishikilia kwamba fadhila haiko ndani ya kitu kinachotolewa, iko ndani ya nia ya anayetoa. Kwa kipimo chake injini haijakupa chochote, haina nia. Injili inatuonyesha yule mjane wa sarafu mbili, ambaye alisifiwa kuliko matajiri kwa sababu wao walitoa kilichowazidi naye akatoa kilichokuwa chakula chake. Huko shule ya Jumapili tulifundishwa tuwe kama mjane. Kurani nayo, kwenye Sura ya Al-Baqara, watu wanapouliza watoe nini, wanaambiwa watoe kile kinachozidi mahitaji yao, na kwenye Sura ya Al-Hashr wanasifiwa wale waliowatanguliza wengine hata wao wenyewe wakiwa na shida. Naona hekima kwamba kitabu kimoja kina yote mawili. Amri imewekwa kwenye ziada. Sifa imewekwa kwenye kutoa usichokuwa na ziada yake. Mtu halazimishwi kuwa mjane.

Mimi zamani nilikuwa upande wa mjane moja kwa moja, yaani kutoa cha ziada nilikuona ni kujisafisha tu. Ukitaka kuelewa nilivyofikiria, nenda Gikomba bale likifunguliwa. Kuna Mmarekani mahali fulani alipeleka nguo zake kwenye sanduku la msaada, akarudi nyumbani akijisikia mwema, na huku kabati lake limepata nafasi. Nguo zile zinauzwa, zinafungwa, zinavuka bahari, zinauzwa tena, na ndani yake mna shati zuri kabisa na mna soksi moja isiyo na mwenzake. Hilo ndilo joto la Volkswagen. Linapasha, na linakuja na moshi wake.

Lakini hapa Minnesota nimelazimika kuiheshimu ziada, na aliyenifundisha ni bibi yangu kwa kupitia hita, ingawa yeye hakuwahi kuingia gari lenye hita inayowaka. Kwake sufuria haikupikwa kwa hesabu ya vichwa. Tukiwa saba, ugali ulipikwa wa kumi. Kupika wa watu saba kamili ilikuwa aibu, kana kwamba umeuambia mlango usibishwe. Mgeni akija hakuna anayepungukiwa. Asipokuja, kuna kiporo, kuna kuku, kuna mbwa. Mtaalamu wa uchumi angemwambia bibi anafuja unga. Kweli alifuja. Ukarimu wake wote ulisimama juu ya ufujaji huo.

Injini zinasema hivyo hivyo. Kadiri fundi anavyoitengeneza injini iwe makini na mafuta, ndivyo joto linalobaki la kuwagawia abiria linavyopungua. Dizeli za kisasa zinajulikana kwa hilo. Hazifuji sana, zinachelewa kupata moto, na kwenye nchi za baridi nyingi zinafungiwa hita ya pili ya kusaidia. Ukiondoa ufujaji wote unaondoa pia kile kilichokuwa kinamfikia mgeni bila kuomba. Naona hata kwetu, nyumba zilizojifunza kupika kwa kipimo zimejifunza pia kuuliza kwa simu, "Ulikuwa umepanga kuja leo?"

Tena ziada yenyewe haiji hivi hivi. Asubuhi ya baridi kali, dakika za kwanza hita inapuliza upepo kama wa friji. Ukiongeza feni kwa hasira ndiyo unazidi kuicheleweshea injini moto wake. Kuna kifaa kidogo, thamostati, ambacho kazi yake ni kukaa kimefunga njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa mpaka maji yafike karibu nyuzi 90. Kikikwama kikiwa wazi, kila joto linalozaliwa linakimbilia mbele kupozwa na upepo wa nje. Gari linatembea sawasawa, rejeta inaupasha ulimwengu mzima, na walio ndani wanatetemeka. Kila mtaa una baba wa namna hiyo, anayenunulia baa nzima. Watu wa Grand Forks, North Dakota, walilitafutia dawa lingine. Miaka ya 1940 bwana mmoja wa huko, Andrew Freeman, alibuni kifaa cha kuipasha injini kwa stima usiku wakati gari limelala. Mpaka leo utaona waya na plagi vinaning'inia mbele ya magari ya petroli huku kaskazini, na Mkenya aliyefika juzi hudhani yote ni magari ya stima.

Sasa magari ya stima yenyewe. Hapo ndipo swali langu lilipogeuka.

Injini ya stima haifuji. Karibu kila kitu inachopewa inakigeuza kuwa mwendo, kwa hivyo haina mabaki ya maana ya kumgawia mtu. Ukitaka joto, linatoka kwenye betri ile ile inayotakiwa kukufikisha nyumbani. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya stima kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Baridi peke yake, hita ikiwa imezimwa, ilipunguza umbali wa kwenda kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa upungufu ukafika asilimia 41. Tangu hapo mengi yamewekewa pampu ya joto, inayochota joto kutoka hewa ya nje hata hiyo iliyo baridi, na hali imekuwa afadhali, ingawa baridi ikizidi sana pampu nayo inachoka. Sisemi magari hayo hayafai. Wanorwei wana baridi yao, na mwaka 2024 karibu 9 kati ya kila magari 10 mapya waliyonunua yalikuwa ya stima. Nasema tu kwamba ndani yake joto lina bei, na bei imeandikwa pale kwenye skrini.

Tuna mama mmoja tunayefanya naye kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Ni wa upande wa Kisii, kama wengi wetu hapa, na ametuzidi umri wote. Alinunua gari la stima la mtumba, akatupa lifti watu watatu, kwenda na kurudi. Petroli hatuchangi, maana atasema petroli gani? Kwenye baridi yeye anajifunika shali na kuwasha kiti, kwa sababu kiti cha kupasha kinakula stima kidogo kuliko kupasha hewa ya gari zima. Hita anaiweka chini. Siku moja ya Januari kijana aliyekaa nyuma akasema, "Mama, si uongeze hita kidogo, huku nyuma tunakufa." Akasema kwa mdomo wa utani kabisa, kama mtu anayeomba kitu kisicho na gharama. Kwenye gari langu la zamani la petroli ombi hilo lingekuwa sawa na kuomba redio. Mama akasema, "Sawa, mwanangu," akaongeza. Mimi nilikuwa mbele. Niliona maili kwenye skrini zikianza kushuka haraka kuliko barabara.

Joto lilipofika nyuma lilikuwa joto tu. Ngozi haina namna ya kujua limetoka kwenye takataka au limetoka kwenye njia ya mtu ya kurudi nyumbani. Nadhani mambo mengi mabaya kati ya ndugu wanaopendana huanzia hapo, na si kwenye uchoyo.

Kwa sababu sisi wa huku tunaonekana kwetu kama magari ya petroli. Mtu anajua uko Marekani, injini kubwa hiyo, lazima kuna joto linapotea. Anayekuomba karo ya mtoto au pesa za matanga hajioni kama mnyang'anyi. Anadhani anaokota kinachomwagika. Na wapo ambao kweli kinawamwagika. Lakini wengi ninaowajua ni magari ya stima. Kila dola mia inayoingia M-Pesa ya mtu kule imekatwa kwenye umbali: shifti moja zaidi, kozi ya uuguzi iliyoahirishwa muhula mwingine, jino linalouma ambalo limepewa dawa ya maumivu badala ya daktari. Pesa ikifika ni pesa tu. Haina alama ya kuonyesha ilipotoka. Na anayeipokea akishukuru kwa kipimo cha mabaki, yaani "asante, na mwezi ujao usisahau", aliyetuma anavunjika moyo, na wa kule anashangaa huyu kwa nini amekuwa mkali.

Kuna watakaosema hivyo ndivyo inavyopasa, mtoaji anyamaze, kutangaza gharama ni kuiharibu fadhila. Ninaelewa, na nimelelewa hivyo. Lakini sikubali. Ukimya wa mtoaji unamnyima mpokeaji kitu muhimu, uwezo wa kuamua. Yule kijana wa nyuma si mbaya. Angejua kwamba kila nyuzi anayoomba inamtoa mama maili, pengine angefunga zipu ya jaketi. Mama kwa kunyamaza amemfanya awe mtu asiyejali bila yeye kuchagua kuwa hivyo. Nikiwa na ndugu anayekula njia yangu ya kurudi, naona ana haki ya kujua, na mimi nina haki ya kumwambia bila kuitwa mchoyo. Anayeficha skrini ili asifiwe kwa moyo mkubwa, na baadaye akaja kulalamika kwamba hakuna anayemjali, huyo simwelewi vizuri.

Hata hivyo sitaki kumtukuza mjane kupita kiasi. Desemba 2022 dhoruba ya theluji ilipoipiga Buffalo, New York, makumi ya watu walikufa, baadhi yao ndani ya magari yao. Ukikwama hivyo, wa petroli unashauriwa uwashe injini kama dakika kumi kwa saa, na kabla ya hapo ushuke ufukue theluji kwenye ekzosi, maana ikizibwa hewa ya sumu inarudi ndani na haina harufu. Hata ziada ina namna yake ya kuua. Mwenye gari la stima hana ekzosi ya kufukua, na likiwa limesimama linatumia kile tu ambacho joto linadai, lakini betri ikiisha imeisha, hakuna mtu wa kuja na mtungi. Kwa hali hiyo anayegawa betri yake mpaka sifuri anaweka mwili mwingine kwenye theluji. Nimewaona watu wa namna hiyo huku. Tumewachangia.

Mama wa Kisii kwa sasa ameligawanya tatizo lake mara mbili. Usiku kabla ya kutoka anaacha gari limechomekwa kwenye stima ya nyumba na kuliamrisha kwa simu lipate joto likiwa bado kwenye waya. Tukiingia tunakuta kuko kama jikoni, na betri imejaa. Joto la kwenda linatoka kwenye bili ya nyumba, ambayo amesema anaimudu. Lakini kazini uwanja wa kuegesha hauna plagi, hata ile ya kina Freeman, kwa hivyo joto la kurudi asubuhi ni lake mwenyewe. Saa moja hivi tunatoka, vioo vimefunikwa barafu, wale wawili wa nyuma wanasinzia kabla hatujafika barabara kuu. Mimi huwa nashusha hita hatua moja. Yeye, bila kuondoa macho barabarani, anaipandisha tena.